Kipeo cha Hasi Saba

Mwalimu Kalolaine hakuwahi kuolewa, na watu wa mji wa Neiafu, ambao midomo yao haina likizo, walisema ameolewa na hesabu, na kwamba mume huyo angalau hanywi kava, kinywaji chetu cha mizizi, mpaka kukuche. Mwenyewe alikuwa akicheka akiyasikia hayo. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika shule ya kanisa iliyo juu ya bandari, na katika miaka hiyo yote alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko mengine: namba za vitu vidogo mno, vile ambavyo jicho halivioni wala rula haivipimi.

"Mtu hawezi kuandika msururu wa sufuri kila akitaka kutaja kijidudu," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. "Karatasi zitakwisha, na mimi nitakufa kabla sijamaliza kusahihisha. Kwa hiyo tunaandika namba moja mbele, halafu mara kumi, halafu tarakimu ndogo juu, begani mwa ile kumi. Hiyo ndogo ndiyo kipeo. Ikiwa na hasi, mnateremka ngazi. Hasi sita, ngazi sita kwenda chini. Hasi saba?"

"Ngazi saba, Mwalimu!"

"Basi nani yuko chini zaidi?"

"Wa hasi saba!"

"Haya. Kwanza ulizeni mtu ameteremka ngazi ngapi, ndipo muulize amebeba nini mkononi. Aliyebeba nane kwenye ngazi ya saba bado ni mdogo kuliko aliyebeba mbili kwenye ngazi ya sita. Hapo ndipo wengi wenu mtakapojikwaa."

"Lakini Mwalimu," alisema Uatesoni, kijana mrefu wa dawati la nyuma, ambaye hakuna somo lililopita bila yeye kutia neno, "nane si ni nane tu jamani?"

"Nane ni nane ukiwa unakula viazi vikuu, Uatesoni, na hapo najua huhitaji mwalimu. Hapa tunapima vijidudu."

Darasa likaangua kicheko, na Uatesoni akacheka kuliko wote. Asiyecheka alikuwa Lesieli, msichana wa miaka kumi na saba, aliyekuwa ameinamia daftari lake akihesabu ngazi kwa ncha ya penseli. Huyo hakukosea swali la namna hiyo hata mara moja.

Lesieli alikuwa binti wa Kelepi, na Kelepi alikuwa mdogo wake Kalolaine, baba mmoja mama mmoja. Kwa hiyo shuleni alimwita Mwalimu na nyumbani alimwita Shangazi, na shangazi kwetu si mtu wa kumletea mtoto pipi siku ya sikukuu. Shangazi ni mkubwa kuliko baba. Akiingia nyumbani kwa ndugu yake akataka nguruwe, anachukua nguruwe. Akaupenda mkeka, anaukunja anaondoka nao, na mwenye nyumba anashukuru. Akimpa mtoto jina, ndilo hilo. Akinuna, mtoto huugua. Ndivyo tunavyoamini, na hata wale wanaojidai hawaamini hawathubutu kujaribu. Na kaka na dada, wakishakua, hawakai chumba kimoja wakapiga soga. Wanaheshimiana kwa mbali, na yakiwapo maneno ya kupelekwa, mke wa kaka ndiye anayeyapeleka.

Shule ilikuwa na hadubini moja, ya shaba, iliyoachwa na wamisionari wa zamani. Lenzi yake ilikuwa imeota ukungu pembeni, lakini katikati ilionyesha. Kila Alhamisi baada ya masomo Lesieli alikuwa akibaki nayo. Alileta unga wa maua ya vanila kutoka shambani kwa baba yake, akaleta maji ya tangi, akaleta magamba ya samaki, akaleta hata vumbi la juu ya kinanda cha kanisani.

"Mwalimu, chembe hii ni kubwa kuliko ile ya jana?"

"Pima uniambie."

Alipima kwa uzi mwembamba uliowekwa kwenye lenzi, akaandika, akafuta, akaandika tena. "Ya jana ni tano mara kumi kwa kipeo cha hasi sita. Ya leo ni tatu, lakini kwa kipeo cha hasi tano. Ya leo ndiyo kubwa, Shangazi. Mara sita!" Akaziba mdomo kwa kusahau yuko shuleni. Kalolaine akajifanya hakusikia, ila moyoni alifurahi kupita kiasi. Hakuwa na mtoto, na alikuwa ameshaanza kumhesabu huyu kuwa wake.

Mwaka 1988 ilikuja nafasi moja. Shule moja ya Auckland ilikubali kumchukua mwanafunzi mmoja kutoka visiwa vyetu vya Vava'u, imsomeshe bure, na akifanya vizuri aingie chuo kikuu huko huko. Wanafunzi wanne waliteuliwa kufanya mtihani. Kazi ya kuutunga na kuusahihisha alipewa Kalolaine peke yake, kwani mwalimu mwingine wa hesabu alikuwa yule wa maandiko matakatifu, ambaye hesabu yake iliishia kwenye makabila kumi na mawili.

Wiki ile Lesieli hakula vizuri. Alikuja nyumbani kwa Kalolaine na kikapu cha majimbi aliyotumwa na mama yake, akakiweka mlangoni, akabaki amesimama.

"Shangazi, ni kweli huko kila mwanafunzi ana hadubini yake?"

"Nimesikia hivyo."

"Yake mwenyewe? Hangoji Alhamisi?"

"Hangoji Alhamisi."

Msichana akaitikia kwa kichwa, polepole, kisha akaenda zake. Hakuomba apendelewe, na Kalolaine hakukusudia kumpendelea. Hakukuwa na haja. Alijua atashinda.

Swali la kumi na mbili Kalolaine alilitunga hivi: Kijidudu A kina urefu wa mita 8 × 10⁻⁶. Kijidudu B kina urefu wa mita 2 × 10⁻⁷. Zungushia herufi ya kilicho kirefu zaidi. Katika daftari lake la majibu, nyumbani, akaandika: 12, A. Siku iliyofuata akaenda shuleni kuandaa karatasi ya nta ya mashine ya kudurufu. Taipureta ya shule haikuwa na tarakimu ndogo, kwa hiyo vipeo vyote alivichora kwa mkono kwa kalamu ya chuma. Alipofika swali la kumi na mbili akasita. Lilimtia haya kwa urahisi wake. Nane ilikuwa kubwa mbele na kubwa kwa ngazi pia. Hata asiyejua kitu angelipata. Akatabasamu, akabadilisha zile ndogo: A akaipa hasi saba, B akaipa hasi sita. Sasa anayetazama nane tu atanaswa.

Alijipongeza kwa mtego ule. Alirudi nyumbani akala, akalala, na daftari la majibu likabaki kama lilivyokuwa. Kumi na mbili, A.

Maswali ya kuzungushia yalikuwa arobaini, na aliyasahihisha harakaharaka kwa kufuata daftari, akijihifadhia macho kwa yale marefu. Alipojumlisha, Uatesoni alikuwa na themanini na saba. Lesieli alikuwa na themanini na sita. Wale wawili wengine walikuwa mbali huko. Akajumlisha tena, akajumlisha mara ya tatu. Ijumaa asubuhi akampelekea matokeo mkuu wa shule, ambaye alikuwa kasisi, mtu mpole mwenye kuogopa ugomvi kuliko kuogopa shetani.

"Alama moja tu!" kasisi akasema. "Pole, Mwalimu. Lakini nikwambie ukweli? Afadhali. Angeshinda mtoto wa mdogo wako, watu wangetutafuna mifupa. Sasa wote wameona kwamba mkono wako hauna upendeleo."

"Wameona," alijibu Kalolaine. Jina la Uatesoni likabandikwa mlangoni kabla ya adhuhuri.

Jumamosi mchana, huku harufu ya nguruwe wa kubanikwa ikipanda kutoka nyumbani kwa akina Uatesoni, Kalolaine aliketi kunakili mtihani katika daftari lake kubwa la kumbukumbu, kama alivyofanya kwa kila mtihani. Alipofika swali la kumi na mbili aliacha kunakili. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti. Nane kwa hasi saba, mbili kwa hasi sita. Uziweke zote kwenye ngazi ya saba: moja ni nane, nyingine ni ishirini. Kirefu ni B. Akafunua karatasi ya Lesieli. Lesieli alikuwa amezungushia B, duara safi, na juu yake msalaba mwekundu. Akafunua ya Uatesoni. A, na alama ya vema.

Alama moja ikiondoka huku ikaenda kule, Lesieli alikuwa na themanini na saba na Uatesoni themanini na sita. Haikuhitaji kujumlishwa mara tatu.

Jina lingepelekwa na meli ya Jumanne. Siku zilikuwapo. Kilichohitajika ni kutembea hatua mia mbili mpaka kwa kasisi na kusema, nimekosea. Kalolaine alivaa viatu. Akasimama mlangoni. Na hapo ndipo alipoisikia midomo ya Neiafu kabla hata haijafunguka: shangazi mtu kakaa na karatasi siku mbili nyumbani, kisha eti kagundua kosa, na kosa lenyewe, ajabu, limemwangukia binti wa Kelepi. Nani angeamini habari ya vitarakimu vya begani? Nani hapa mjini alijua kwamba mbili inaweza kuwa kubwa kuliko nane? Angewaeleza akina mama wa kwaya kwa kokoto? Akavua viatu.

Jumapili kanisani kasisi alimwombea Uatesoni kwa jina, mama yake Uatesoni akalia kwa furaha mpaka akashikwa na wenzake, na Kalolaine akaimba nyimbo zote bila kukosea ubeti. Jumatatu aliwarudishia karatasi zao. Lesieli aliipokea yake kwa mikono miwili, akaitazama, akafika pale penye msalaba. Macho yake yalisimama hapo kwa muda.

"Una swali lolote kuhusu mtihani?" Kalolaine aliuliza.

Msichana akainua macho, akayateremsha haraka. "Sina, Mwalimu."

Na Mwalimu Kalolaine akalishika lile "sina" kama risiti. Mwenyewe kasema hana swali. Jumanne meli ikaondoka. Asitetewe kwa hili, maana yeye mwenyewe hajawahi kujitetea. Alijua vizuri kabisa kwamba mtoto wa ndugu yako hana mdomo wa kukwambia umekosea. Alikuwa amemuuliza mtu aliyefungwa kinywa kama ana la kusema.

Uatesoni akaenda Auckland. Lesieli akaingia shambani. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na lisipochavushwa kwa mkono ndani ya asubuhi hiyo linaanguka bure. Yeye alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote, kijiti katika mkono wa kulia, ua katika wa kushoto, maua elfu moja kwa siku. Baadaye aliolewa na mtu wa kijiji cha Leimatu'a, akazaa watatu. Si kwamba maisha yake yalikuwa mabaya. Kalolaine alijaribu mara nyingi kujiambia hivyo. Lakini Alhamisi moja alipita shambani akamwona Lesieli ameinua unga wa ua kwenye ncha ya kijiti, ameusogeza karibu kabisa na jicho, amefumba jicho jingine, akautazama, akautazama. Kalolaine aligeuza njia, akarudi kwake kwa kuzunguka mlima mzima.

Tangu mwaka ule hakuchukua kitu nyumbani kwa Kelepi. Alijiwekea adhabu hiyo mwenyewe na hakumwambia mtu. Mtu uliyemwibia mtoto wake, unawezaje kumchukulia na nguruwe? Kwa hiyo mke wa Kelepi, Seini, alipofika mlangoni na nguruwe mnono amefungwa miguu, Kalolaine alimpokea kwa maneno matamu, kisha akamwambia ampelekee kasisi.

"Wifi, Kelepi amesema ni wako."

"Mwambie nimeshukuru. Kasisi ana wageni."

Mwaka uliofuata vilikuja viazi vikuu vya kwanza kuchimbwa, vile virefu ambavyo hupewa mkubwa wa ukoo. "Wapeni wagonjwa hospitalini, wifi." Mwaka wa tatu ulikuja mkeka mwembamba ambao Seini alikuwa ameusuka miezi saba. Kalolaine aliupapasa kwa kiganja, akaukunja tena, akaurudisha.

"Wifi," Seini alisema siku hiyo, "tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu. Sina nafasi ya kuuweka."

Seini alitazama ile nyumba ya mwanamke mmoja, yenye vyumba vitatu vitupu, akaukumbatia mkeka wake, akaondoka. Wengine walimsifu Kalolaine kwamba hana tamaa. Wengine walisema anaringa, kisomo kimemfanya aone vya ndugu yake ni takataka. Yeye aliona anafanya haki, walau nusu ya haki, na ile nusu nyingine aliahidi ataifanya mwakani. Mwakani ikawa mwakani.

Kwenye jubilei ya shule Uatesoni alirudi, tumbo limemtangulia, anacheka na kila mtu. Hakumaliza hata mwaka wa pili wa masomo. Sasa aliendesha malori ya mizigo Auckland Kusini, ana watoto watano na bendi ya kanisa, na amani yote ya dunia.

"Mwalimu wangu!" alimkumbatia. "Hesabu zilinishinda huko, sikufichi. Mpaka leo vile vidude vya juu sijui vinafanya kazi gani. Mimi nilikuwa natazama namba ya mbele tu. Ikiwa kubwa, nazungushia!"

Watu wakacheka, na Kalolaine naye alicheka, maana angefanya nini? Usiku wa manane haukumkuta analia. Alilia pale pale saa nane mchana, nyuma ya choo cha shule, akiwa na sahani ya nyama mkononi.

Kelepi akafa mwaka 2016, figo. Miezi yake ya mwisho alilala kwenye mkeka sebuleni, na Kalolaine alikuwa akija kila siku akaketi barazani, nje ya mlango, kama inavyotakiwa kati ya dada na kaka. Siku nyingine alisikia ndugu yake anakohoa, akasogeza kiti karibu na ukuta. Alikuwa na maneno tayari. Alikuwa amempangia Seini ayaingize: mwambie kwamba mwaka ule nilikosea. Kila siku Seini alitoka na chai, na kila siku Kalolaine alipokea kikombe akasema asante.

Msibani Kalolaine ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Dada wa marehemu ndiye fahu, anayeketi kichwani mwa maiti, na kila kinacholetwa kinawekwa miguuni pake: mikeka, vitambaa vya magome vilivyokunjwa kama magodoro, keki zenye maua ya sukari. Safari hii hapakuwa na kurudisha. Alipokea kila kitu, na kila kitu kilimchoma. Watoto wa marehemu walikuwa chini kabisa, jikoni kwenye moshi, wamejifunga mikeka mikubwa iliyochakaa mpaka inaburuta vumbi.

Asubuhi baada ya maziko waliletwa wakatwe nywele. Mabinti wa marehemu hukatwa na shangazi yao, na ndivyo huzuni yao inavyoonekana na watu. Wanawake waliketi mbali kidogo wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Lesieli, sasa ana miaka arobaini na mitano, alikuja akapiga magoti mbele ya Kalolaine, akainama. Nywele zake zilifika kiunoni, na mvi zilikuwa zimeanza. Desturi haidai sana. Hushikwa fungu, hukatwa mpaka mabegani, basi.

Kalolaine alishika fungu la kwanza. Alikuwa ameamua kusema hapo hapo, kabla hajafa naye. Lakini Lesieli alimtangulia.

"Shangazi," alinong'ona akiwa ameinama vile vile, "Baba ameniachia neno lako."

"Neno gani, mwanangu?"

"Anakuomba msamaha."

Mkasi ukasimama. "Msamaha wa nini?"

"Hakujua. Alisema amelitafuta kosa lake maisha yake yote, hakulipata. Alisema nikuombe tu, hivyo hivyo, bila jina la kosa."

"Lesieli. Sielewi unachosema."

"Ule mtihani, Shangazi." Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemkumbusha mzee kitu kidogo. "Nilimwonyesha Baba karatasi siku ile ile. Nikamwambia hili nimepata. Hakunikatalia. Alitoka nje akapanga kokoto, ishirini huku, nane huku, akazitazama mpaka jua likazama. Akasema, dada yangu hakosei hesabu. Akimkosesha mwanangu, ana sababu. Kuna jambo nimemfanyia. Tusimuulize, tutafute sisi wenyewe."

Wanawake walimaliza wimbo mmoja, wakaanza mwingine.

"Kwanza alifikiri ni ule mpaka wa shamba la bibi," Lesieli akaendelea. "Akauhamisha, akakutumia nguruwe. Ukamkataa. Akasema, basi si mpaka. Mwaka wa pili akafikiri ni kwa sababu alicheka kwa sauti siku moja ulipokuwa umeketi karibu, harusini. Akaacha kabisa kwenda harusini. Akatuma viazi vikuu. Ukavikataa. Mkeka wa Mama nao ukarudi. Kila kitu kikikataliwa alikuwa anaketi kitako anaanza upya tangu utotoni, siku kwa siku. Tulipokuwa tunaugua sisi watoto, alikuwa anasema, ni mimi, ni mimi, bado sijaliona."

Kalolaine aliliachia lile fungu la nywele. "Halikuwapo," alisema.

"Shangazi?"

"Jambo. Halikuwapo. Nilikosea mimi. Nilibadilisha vile vipeo kwenye karatasi ya nta, nikasahau kubadilisha jibu kwenye daftari. Wewe ulipata. Nililigundua Jumamosi, meli ilikuwa haijaondoka, nikaogopa maneno ya watu. Basi. Ndiyo habari yote."

"Ulikosea?"

"Nilikosea."

"Hukuwa umekasirika?"

"Sijawahi kumkasirikia Kelepi. Tangu azaliwe. Vitu vyake nilivikataa kwa aibu, mwanangu, nilijiona mwizi." Alishika bega la Lesieli kupitia ule mkeka mchakavu. "Nikasirikie. Niseme. Nakuruhusu, mbele ya hawa wote."

Lesieli alifanya jambo ambalo mtoto wa ndugu hafanyi: aliinua kichwa, akamtazama shangazi yake machoni, macho makavu, kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama kwenye ile lenzi yenye ukungu.

"Siku nne, Shangazi," alisema. "Siku nne zilizopita Baba alikuwa bado anasikia."

Lesieli akainama tena. Alizikusanya nywele zake zote kwa mkono wake mwenyewe, akazileta mbele, akaiacha shingo wazi.

"Kata," alisema. "Usiishie mabegani. Kata mpaka chini."

Na Mwalimu Kalolaine, ambaye katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwamuru, akakata mpaka chini.